Lusajo, Lugano na Lusekelo: jina la mtoto si picha ya kunakili

Mwishoni mwa muhula mmoja nilihudhuria mahafali ya watoto wa darasa la awali wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, si mbali na Tukuyu mjini, kwa mwaliko wa jirani yangu ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwa waliomaliza. Mtoto huyo nitamwita Lusajo, kwa kuwa jina hilo limejaa mno huku kwetu na halimfichui mtu. Zamu yake ilipofika aliitwa mbele, akapewa chaki, akapanda juu ya kigoda ili aufikie ubao, akaandika herufi kubwa sita bila kutetereka: LUSAJO. Vigelegele vikapigwa, mama yake akatoka na khanga akamfunga mabegani, na mshereheshaji akatangaza kwamba mtoto huyu sasa anajua kuandika.

Jioni, tulipokuwa nyumbani kwao tukinywa chai, niligeuza karatasi ya ratiba nikaandika nyuma yake LUGANO, kisha nikamwuliza pameandikwa nini. Akajibu papo hapo: "Lusajo." Nikaandika LUSEKELO. Hapo alisita kidogo, akapitisha kidole juu ya herufi zote nane, akasema: "Hili ni refu, ni la baba." Baba yake haitwi Lusekelo. Ana jina fupi la herufi nne, na alicheka mpaka chai ikammwagikia.

Mimi sikucheka sana, kwa sababu majibu yale mawili yalieleza kwa usahihi kile mtoto alichojifunza mwaka mzima na kile ambacho hakufundishwa. Alikuwa amejifunza kuchora jina lake. Aliijua sura yake, mwanzo wake na mwisho wake, kama anavyoijua sura ya ng'ombe wao. Kwamba kila alama katika mchoro ule ni sauti inayotoka kinywani mwake, na kwamba sauti hizo zikibadilika alama nazo hubadilika, hilo halikuwa limemfikia. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba jina la mtoto ndilo andiko lake la kwanza, nalo lastahili kufundishwa kama andiko, yaani kama sauti zilizowekwa alama. Sisi wazazi, pamoja na shule tunazozilipa ili watoto wetu wang'are kwenye mahafali, mara nyingi tunalifundisha kama pambo la kuonyesha wageni.

Mtu anaweza kusema kwamba mtoto wa miaka mitano hadaiwi zaidi ya hapo, kwamba aanze na kunakili na maana itakuja baadaye. Ningekubaliana naye kama watoto wangekuwa hawafikiri wakati wanasubiri hiyo maana ije. Lakini wanafikiri, na kwa bidii. Emilia Ferreiro, mtafiti mzaliwa wa Argentina aliyesoma Geneva chini ya Jean Piaget kisha akafanya kazi miaka mingi Mexico, alionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba mtoto hujitungia nadharia zake kuhusu maandishi kabla hajafundishwa lolote. Mojawapo ni ile aliyoitamka Lusajo mbele ya chai: kitu kikubwa lazima kiwe na herufi nyingi. Baba ni mkubwa, basi jina refu ni lake. Kwa nadharia hiyo neno "sisimizi" haliwezi kuwa na herufi nyingi kuliko "tembo", wala mdogo wake aitwaye Tusajigwe hawezi kuwa na jina linalompita babu.

Nadharia inayofuata katika safari hiyo ndiyo inayopaswa kutushughulisha zaidi sisi wenye Kiswahili. Ferreiro aliona kwamba mtoto wa Kihispania, akianza kusikia kuwa neno lina vipande, huandika herufi moja kwa kila kipande, na mara nyingi herufi hiyo ni irabu. Neno lao "palo" huandikwa AO. Kiswahili, na Kinyakyusa cha huku kwetu pia, ni lugha ambazo karibu kila silabi huishia kwa irabu, na isitoshe mafunzo yetu ya kusoma yameanza na a, e, i, o, u tangu enzi za bibi zetu. Haitashangaza basi mtoto wetu akiandika UAO na kusema hilo ndilo jina lake. Mwalimu aliyechoka ataliwekea alama ya kukosa. Mwalimu anayejua atamwuliza, "Nisomee," naye mtoto ataweka kidole kwenye U akisema "Lu", kwenye A akisema "sa", kwenye O akisema "jo". Huyo, pamoja na upungufu wake wa herufi tatu, amemwacha mbali mwenzake wa kwenye kigoda, kwa sababu amekwisha kugundua siri yenyewe: kwamba maandishi hufuata kinywa. Kinachobaki ni kumwonyesha kwamba kila irabu aliyoiandika ina mwenzake anayetangulia.

Nimetaja Lugano na Lusekelo si kwa kumtega mtoto. Katika darasa lolote la Rungwe, Kyela au Busokelo utawakuta hao wote wamekaa kwenye mkeka mmoja, na pengine Lwitiko yupo pembeni yao. Majina haya ni nomino za dhana: baraka, upendo, furaha, imani. Kinyakyusa huziundia dhana kama hizo kwa kiambishi lu-, na kwa hiyo watoto wengi wa darasa moja majina yao huanza kwa herufi moja. Watafiti wa huko nje wamebainisha kwa muda mrefu kwamba mtoto huijua herufi ya kwanza ya jina lake mapema kuliko herufi nyingine yoyote, na walimu wengi hujenga juu ya hilo: herufi yako ndiyo alama yako. Ushauri huo ni mzuri mahali ambapo mmoja ni Maria na mwingine ni Paulo. Hapa kwetu L si alama ya mtu, ni alama ya kundi zima. Mtoto anayetegemea sura ya mwanzo na mwisho ataona LUSAJO na LUGANO kuwa kitu kimoja, kwani yote mawili yana herufi sita, yanaanza kwa LU na kuishia kwa O.

Lakini kinachoonekana kuwa kikwazo ndicho kilicho hazina. Mwalimu mmoja niliyemtembelea, mwenye watoto zaidi ya sitini na chumba kimoja, aliwasimamisha wote wenye "Lu", wakawa saba, akawaambia wayataje majina yao polepole huku wakipiga kofi moja kwa kila kipande. Lu-sa-jo, makofi matatu. Lu-ga-no, matatu. Lu-se-ke-lo, manne. Kisha akauliza darasa: hawa wanafanana wapi na wanaachana wapi? Msichana mmoja, ambaye jina lake wala halikuwa la kundi hilo, alipaza sauti: "Wanaachana kwenye kofi la pili!" Sijasikia mtu mzima akiieleza tofauti ya maneno mawili kwa ufasaha zaidi. Mwalimu akaandika ubaoni majina matatu yakiwa yamepangwa moja chini ya jingine, akapiga mstari mwekundu chini ya sa, ga na se, na somo la jina likawa limegeuka kuwa somo la silabi bila yeye kutangaza kwamba anabadilisha somo. Baadaye alifanya vivyo hivyo kwa kina Atupele na Asifiwe, ambao wanaanza pamoja lakini A yao husimama peke yake na kupewa kofi lake, jambo linalowashangaza sana watoto: herufi moja, kofi zima.

Majina ya kienyeji ya nyanda hizi yameumbwa kana kwamba kuna mtu aliyeyaandaa kwa ajili ya somo la KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Bupe ni makofi mawili, Atupele ni manne, na kila silabi ni konsonanti moja na irabu yake au irabu peke yake. Magumu yapo, kama vile gwe ya Tusajigwe na pya ya Ipyana, lakini hata hayo husomeka kama yanavyotamkwa. Taabu huanza pale jina linapotoka mbali. Mtoto aitwaye Joyce anafundishwa asubuhi kwamba herufi e ni sauti fulani, halafu mchana anaambiwa kwamba e iliyo mwishoni mwa jina lake haitamkwi kabisa. Grace anayo hiyo hiyo, na juu yake c ambayo kwa Kiswahili haisimami bila h. Brighton ana g na h zilizonyamaza katikati. Alex na Queen wana herufi ambazo abajadi yetu haina, na wanapouliza ziko wapi kwenye chati ya ukutani hakuna wa kuwaonyesha.

Sisemi wazazi waache kuwapa watoto majina hayo. Jina ni la mzazi kutoa, na wengi wetu tulibatizwa kwa majina tusiyoyajua asili yake, tangu Wamoraviani walipofungua misheni ya Rungwe mwaka 1891. Ninachosema ni kwamba watoto hawa wasifundishwe kwa uongo. Mwambie Joyce kwamba jina lake limetoka ugenini na limekuja na tabia zake, kwamba herufi ya mwisho ipo lakini imenyamaza, na kwamba sauti za herufi atazijifunza kwa "uji", "mama" na "kuku". Mtoto wa miaka mitano hulipokea hilo bila shida yoyote; wapo wageni wengi maishani mwake wenye tabia zisizoeleweka. Akiachwa bila maelezo hufikia uamuzi mbaya zaidi, kwamba herufi hazina kanuni na kazi ya mwanafunzi ni kukariri tu.

Iko pia njia nyepesi ambayo familia nyingi zinayo bila kuitumia. Mtoto wa huku mara nyingi ana majina mawili, la ubatizo na la nyumbani. Anaitwa Brighton kwenye daftari la mahudhurio na Lusekelo kwa bibi. Kama lile analoitwa kila siku ndilo linalosomeka kwa kanuni, basi aanze kuliandika hilo, na lile jingine lisubiri miezi michache mpaka mkono na sikio viwe vimezoeana. Najua wapo wanaoona aibu kwa mtoto kuandika jina la kikabila katika shule ya mchepuo wa Kiingereza waliyoilipia ada kubwa jijini Mbeya. Kwa hao sina dawa.

Nikiwa nimezitaja shule hizo, niseme jambo moja juu yake na niliache. Mtoto anayefundishwa kuziita herufi "ei", "bii", "sii" anafundishwa majina ya herufi katika lugha nyingine, na majina hayo hayamsaidii kusikia kilichomo ndani ya jina lake. Mwambie aandike Atupele kwa kusikiliza, naye atatafuta "ei" kwenye sauti ya kwanza asiione, halafu atasikia sauti e, lakini herufi yake yeye amefundishwa kuiita "ii". Wengine husingizia kwamba mtoto ni mzito. Mtoto si mzito, amepewa funguo za nyumba nyingine. Mtaala wa KKK kwa darasa la kwanza na la pili ulioanza kutumika mwaka 2015 ulisisitiza sauti ya herufi kabla ya jina lake, na kwa lugha inayoandikwa kama inavyotamkwa huo ni uamuzi wa busara, hata kama babu zetu walipitia "a, be, che, de" wakafika salama.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera kuliko yote, nalo si la mwalimu wala la mtoto. Ni swali la jina lenyewe linaandikwaje. Mkoa wa Mbeya ulikuwa wa kwanza kupata, mwaka 2013, mpango wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo karibu na wanakoishi, yaani kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata. Mpango ule ulikuwa mkombozi. Kabla yake kumpatia mtoto cheti kulikuwa na maana ya nauli ya kwenda wilayani na kurudi, pengine mara mbili. Lakini cheti chenyewe hujazwa kwa mkono, papo hapo, na anayejaza huandika alichosikia. Mama mwenye mtoto mgongoni hutamka, mhudumu huandika, na foleni husonga. Kinyakyusa hakina sauti ya r, kwa hiyo mama akisema "Lehema" mhudumu mmoja ataandika Rehema kwa kusahihisha na mwingine ataandika Lehema kwa uaminifu. Esther hutoka akiwa Ester, Esta au Easter. Happiness huja kwa sura tatu ninazozijua na pengine nyingine nisizozijua.

Hapo ndipo mtoto anapoingia darasani. Kwenye cheti ni Ester, kwenye daftari la mwalimu ni Esther, kwenye sweta mama ameshona ESTA kwa uzi mweupe. Mtoto wa miaka mitano anaambiwa kwamba lile aliloandika jana likasahihishwa leo limekosewa. Mwanangu mwenyewe alipitia hili: katika mwaka wake wa kwanza shuleni mwalimu alimpunguzia alama kwa sababu aliandika jina lake kama tulivyomfundisha nyumbani, na tulipokwenda kuuliza ikagundulika kwamba daftari la shule ndilo lililokosea. Kosa likasahihishwa kwenye daftari, lakini kwa wiki kadhaa yule mtoto alikataa kuandika jina lake mahali popote. Aliandika namba yake ya mahudhurio badala yake. Na wale wasiolisahihisha mapema hukutana nalo ukubwani, kijana anapotakiwa kuapa mbele ya wakili kwamba Ester wa cheti cha kuzaliwa na Esther wa cheti cha shule ni mtu mmoja.

Dawa yake haina gharama. Siku ya kumwandikisha mtoto darasa la awali mzazi aende na cheti cha kuzaliwa, mwalimu anakili jina herufi kwa herufi kutoka humo, na nyumbani waandike hivyo hivyo kwenye sweta, begi na kikombe. Kama wazazi wanaona cheti chenyewe kimekosewa, wakirekebishe kabla mtoto hajashika penseli. Kwa sasa mwaka mmoja wa elimu ya awali ni wa lazima, kwa hiyo siku hiyo ya uandikishaji inamfikia karibu kila mzazi, na ni dakika tatu tu. Nakumbuka hapa kwamba hata mtwa, yaani mtawala, wa Wahehe, Mkwavinyika, jina lake lilifupishwa na watu wake kuwa Mkwawa na Wajerumani wakaliandika Quawa, kwa herufi ambayo hatunayo. Yeye alikuwa na jeshi la kujibu. Mtoto wa chekechea hana.

Kuhusu mkono wenyewe nitasema machache, kwa sababu vitabu vya walimu vimelieleza vizuri na kwa kuwa nyanda hizi zina mazoezi yake ambayo hayauzwi dukani. Penseli hushikwa kwa kidole gumba, cha shahada na cha kati, na vidole hivyo vinahitaji nguvu ambazo mtoto wa miaka minne bado hana. Ndiyo maana wengi wao huishika kwa ngumi nzima. Nguvu hizo haziletwi na kuandika jina mara ishirini kwenye daftari lenye nukta za kufuatisha. Zinaletwa na kupukuchua mahindi, kuchambua maharage, kumenya karanga, kukanda udongo wa kutengenezea ng'ombe na matrekta. Mtoto wa Mbozi au Mufindi aliyekaa na bibi yake mbele ya rundo la mahindi mwezi wa Julai amefanya mazoezi ya kutosha kuliko mwenzake aliyenunuliwa kitabu cha nukta. Walimu wa Njombe na Makete wanajua pia kwamba asubuhi za Juni na Julai vidole havina habari na penseli. Wenye busara huanza na nyimbo za kukunja na kukunjua mikono, kalamu ikaja jua likishapanda. Na wale wazazi wanaokata penseli vipande viwili ili kimoja kikipotea kingine kibaki, hawajui kwamba wanamsaidia mtoto, kwani kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi.

Mkono wa kushoto uachwe. Najua huku kwetu mtoto hafundishwi kupokea kitu kwa kushoto, na adabu hiyo iendelee mezani na mlangoni. Lakini kiasi cha mtu mmoja katika kila kumi huzaliwa akiutegemea mkono huo kwa kazi za ustadi, na kumlazimisha aandike kwa kulia ni kumwongezea kazi ya pili juu ya ile ambayo bado haijamkaa. Mwelekezee karatasi kidogo upande wa kulia, mkae upande ambao kiwiko chake hakitampiga mwenzake, basi.

Vivyo hivyo kuhusu herufi zilizogeuka. Bupe akiandika p yake ikatazama kushoto, jina linasomeka Buqe, na mzazi anashtuka. Asishtuke. Tangu azaliwe mtoto huyu amefunzwa na ulimwengu wote kwamba kitu kikigeuzwa hubaki kilekile. Kikombe chake cha uji, mkono wake uwe kushoto au kulia, ni kikombe chake. Herufi ndizo kitu cha kwanza maishani mwake zinazobadilika kuwa kitu kingine kwa kugeuzwa tu, na kulizoea hilo huchukua muda, kwa wengi hadi miaka saba hivi. Mwonyeshe mahali pa kuanzia kalamu, usimfokee. Kwa sababu hiyo hiyo sioni ubaya mtoto mdogo akianza kuandika jina lake kwa herufi kubwa, ambazo nyingi zina mistari iliyonyooka na hazichanganyani kirahisi kama b, d na p. Ila mfano anaotazama ukutani na kwenye begi uwe umeandikwa sawasawa, herufi kubwa mwanzoni na ndogo zinazofuata, ili asije kulazimika kusahau alichojifunza.

Nilitaja kikombe. Katika madarasa mengi ya awali mtoto huja na kikombe chake cha plastiki kwa ajili ya uji wa saa nne, na akina mama huandika jina kwa rangi ya kucha kwa kuwa haitoki kwa maji. Hapo jina lina kazi. Halimpendezeshi mgeni, linamwezesha mtu kunywa uji wake bila ugomvi. Ndivyo lilivyo pia kwenye gunia la mchele linalotoka Kyela au la viazi linalopakiwa Uyole, ambalo mwenyewe ameliandika herufi zake mbili kwa brashi ili lisichanganyike na la jirani. Mzazi anayetaka kumfundisha mtoto jina aanzie huko: hiki ni cha nani, hili ni la nani, umejuaje? Aandike kwa kidole kwenye majivu yaliyopoa, kwenye vumbi la uani, kwenye kioo cha dirisha chenye umande wa asubuhi. Amwache mtoto aitaje sauti wakati kidole kinatembea. Dakika tano zinatosha, na siku mtoto hataki, hataki.

Walimu huniambia kwamba haya yote ni matamu kwa mwenye mtoto mmoja, lakini wao wanao sitini. Ni kweli, na sitajifanya kwamba mapenzi ya kazi huziba pengo hilo. Hata hivyo yule mwalimu wa makofi alikuwa na njia ambayo haikumchukulia muda wowote wa somo. Alikuwa ameomba maboksi matupu ya sabuni kwa mwenye duka, akayakata vipande vya ukubwa wa kiganja, akaandika kila kimoja jina la mtoto kama lilivyo kwenye cheti. Asubuhi alivitandaza kwenye jamvi karibu na mlango. Kila aliyeingia aliokota kadi yake na kuipeleka kwenye kamba iliyofungwa ukutani, akaibana kwa kibanio cha nguo, na mahudhurio yakawa yamekamilika. Wiki za kwanza ilikuwa vurugu. Kina Lu waliokota kadi za wenzao kila siku, wakagombana, wakalazimika kuangalia kofi la pili.

Nilirudi pale mwezi wa tatu wa zoezi hilo, asubuhi yenye ukungu mzito, na kadi nne zilikuwa zimebaki kwenye jamvi baada ya wote kuingia. Mwalimu hakusema kitu. Mvulana mmoja mdogo alichuchumaa, akaokota ya kwanza, akapiga makofi matatu polepole huku akiitazama, akaiweka chini. "Lugano hajaja," akasema. "Mama yake anaumwa."